Maswali ya Wasomaji: Jua kali, betri haichaji

SWALI: Nachajia watu simu gulioni kwa betri ya kubeba ya wati-saa 500 na paneli ya sola ya wati 100. Ikigonga saa sita mchana, betri inakataa kupokea chaji. Niongeze paneli?

JIBU: Usinunue kitu kwanza, ndugu yetu. Gusa kasha la betri: likiwa linaunguza, tatizo ni joto. Betri nyingi za lithiamu hujizuia kuchaji zikikaribia nyuzi 45, na kasha lililoanikwa juani hufika hapo haraka. Paneli ndiyo ya kukaa juani. Betri iweke chini ya meza, juu ya tofali, matundu ya feni yakiwa wazi. Kuifunika kwa khanga hakusaidii, unaitilia blanketi.

Kagua pia kivuli. Kamba ya turubai ikipita juu ya paneli, hata kivuli chembamba hupunguza umeme sana. Paneli ya wati 100 mara nyingi hutoa 60 hadi 75, kwa hiyo kujaza betri tupu huchukua saa saba au nane za jua zuri.

Ukiongeza paneli baadaye, soma kwanza kikomo cha volti kwenye tundu la kuchajia. Paneli mbili za volti 22 zikiungwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zinafika 44. Kama kikomo ni 28, unaweza kuunguza betri. Ziunge sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zibaki 22.

Simu zichajie kwenye matundu ya USB, na swichi ya soketi za volti 230 izime. Ikiwa imewashwa, inakula umeme hata pasipo kifaa.