Barua kwa mwanangu: nguo ndiyo hukatwa

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwa simu ungenikatiza.

Umeuliza mbona wewe na Furaha mmetoka tumbo moja, lakini yeye mafuta yanamkaa nyongani na mapajani, wewe yanakukaa tumboni. Halafu ukaongeza chini chini kwamba rafiki yako amekuletea vidonge vya kuongeza nyonga, na kwamba kwenye ubatizo wifi yako alisema mbele ya watu: "Mbele Kahuzi, nyuma Kavumu," yaani mbele mlima, nyuma tambarare kama uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka chini.

Furaha amechukua upande wangu. Wewe umechukua kwa bibi yenu mzaa baba, ambaye kikwembe kilimpanda mbele maisha yake yote na alilima Walungu hadi uzeeni. Umri nao una zamu yake: mwanamke akiwa bado anaona siku zake, homoni ya estrojeni huyaelekeza mafuta kwenye nyonga na mapaja, siku zikikoma, yanahamia tumboni. Mimi hilo nililiona kwanza katika daftari langu jekundu ninaloandikia vipimo tangu 1993. Mteja yule yule, kiuno 72 wakati ule, leo 94, na nyonga imeongezeka sentimita nne tu. Hakuna aliyechagua. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kila siku: nguo ndiyo hukatwa, mwili haukatwi.

Lakini neno la wifi yako limenirudisha mwaka 2009, hapa hapa Kadutu, Bukavu, wewe ukifanya kazi za shule chini ya meza ya kukatia. Alikuja mama mmoja na kikwembe cha sare ya harusi ya kaka yake, yadi sita, kipya, bado kinanukia duka. Nilimzungushia futi, nikawa nataja namba kwa sauti ili mwanafunzi aandike. Kifua 104. Kiuno 98. Nyonga 128. Nikaongeza: "Mama, hizi yadi sita ni za mguu mmoja." Chumba kizima kilicheka. Naye alicheka, tena wa kwanza. Kisha akashusha mikono aliyokuwa ameinua nimpime, akachukua kitambaa chake, akakikunja mara nne akikilainisha kwa kiganja kila kunjo, akasema, "Asante mama, nitarudi."

Hakurudi. Siku ya harusi msafara ulipita barabarani mbele yetu, wanawake wote wa ukoo wamevaa sare, yeye yuko katikati yao na kikwembe cha zamani cha bluu. Kitambaa kile kingetosha. Ningeunga vipande viwili ubavuni, kazi ya nusu saa.

Huwa najitetea. Najiambia Bukavu ndivyo watu wanavyosalimiana: ukikonda unaulizwa unaumwa nini, ukinenepa unaambiwa pesa imeingia. Mama yangu akiniambia "umenenepa" alikuwa ananisifu, na nilifurahi. Kweli kabisa. Lakini sifa haimfanyi mtu akunje kitambaa chake aende.

Tena sitaki uelewe kwamba tumbo si kitu. Daktari mmoja ninayemshonea aliniambia kwamba tangu 1947 daktari mwenzao Mfaransa, Jean Vague wa Marseille, aliandika kuwa mahali mafuta yanapokaa pana uzito kuliko wingi wake. Yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo yanayokaribisha kisukari na maradhi ya moyo. Ya mapajani hayana ubaya huo. Madaktari nao wanapima kwa futi kama mimi! Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 wanaanza kuangalia. Kikipita 88 wanaangalia zaidi. Basi nenda upime sukari na presha. Wifi yako hakutaja kisukari. Alitaja Kavumu.

Vidonge, soma jina lake. Kama ni siproheptadini, hiyo ni dawa ya aleji inayochokoza njaa, na chakula utakachokula kitaenda pale pale mwili wako ulipozoea kukiweka. Kama ni deksamethasoni, mwanangu, nakusihi. Hiyo huleta mafuta usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huko huko unakokukimbia, na miguu inakonda. Inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa. Na kama umeshaimeza kwa muda, usiikate ghafla, ni hatari. Mwone daktari akupunguzie polepole. Nguo ndiyo hukatwa.

Umesema mume wako naye alicheka. Hapo niliandika mistari mitano nikaifuta. Ninalo neno, na unajua kunyamaza kunaniwia vigumu. Lakini sikuwepo. Labda alicheka kama yule mama alivyocheka, kwa kukosa pa kuweka uso. Labda. Wewe ulimwona macho, mimi sikumwona.

Nimekuwekea kikwembe cha kijani, kile ulichokipenda Pasaka. Furaha anavuka na boti Jumamosi kuja kwenu Goma, na nimempa futi. Akupime mkiwa wawili chumbani, aandike kwenye karatasi, asitaje kwa sauti.

Mama yako