Chumba cha mpiga gitaa Dar

SWALI: Shikamoo dada. Napiga gitaa la solo, nahamia Dar kutafuta bendi. Nipange wapi kwa bei nafuu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Watakwambia Mbagala au Chanika, na kweli kodi huko ni nafuu. Lakini muziki ukiisha saa nane usiku, bodaboda ya kukurudisha itameza malipo yako yote. Mimi mpiga besi nakushauri Mwananyamala, Tandale au Manzese: kumbi za Kinondoni na Sinza ziko jirani, na Manzese mwendokasi unapita.

Ukioneshwa chumba, tazama juu kwanza. Nyumba nyingi za uswahilini hazina dari na ukuta haufiki batini, kwa hiyo kila noti inamfikia jirani aliyelala. Uliza pia Luku. Mkichangia mita moja, ampilifaya yako italeta ugomvi kila mnaponunua umeme. Mweleze mwenye nyumba kazi yako kabla hujalipa, maana wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Mama mwenye nyumba anayependa dansi yupo, nimewahi kumpata. Mtafute.