Ukianza kusoma tetemeko la Sparta, usiishie kwenye kifusi

Wenzangu mnaoanza historia ya Ugiriki ya kale, mapema tu mtakutana na tetemeko lililoipiga Sparta takribani mwaka 464 KK. Mada tamu, na ndiyo iliyoniaibisha mwaka wangu wa kwanza. Insha yangu niliijaza kifusi: nyumba zote za mji zilianguka isipokuwa tano, kwa maelezo ya Plutarch, mwandishi wa wasifu za watu mashuhuri; waliokufa walizidi 20,000, kwa maelezo ya mwanahistoria Diodorus. Mwalimu aliirudisha na swali moja la wino mwekundu: "Halafu?"

Basi anzeni na Thucydides, mwanahistoria wa Athene. Alizaliwa karibu na wakati ule, na habari anaibana mpaka inaudhi. Plutarch aliandika zaidi ya miaka 500 baadaye, ila kusimulia anajua. Anasema vijana walikuwa ukumbini wakifanya mazoezi, sungura akachomoza, baadhi yao wakatoka mbio kumfukuza wakiwa bado wamejipaka mafuta, jengo likawaangukia waliobaki. Sungura huyo nampenda mno. Hoja simbebeshi.

Ukimaliza kifusi, uliza nani alikuwa akiisubiri siku hiyo. Sparta ilikula kwa jasho la Wahelot, watumwa wa mashambani ambao wengi wao walikuwa kizazi cha Wamessenia waliotekwa zamani. Mji ulipolala chini, wao wakainuka, wakaenda kujichimbia mlimani Ithome. Mfalme Archidamus, anasema Plutarch, alipiga tarumbeta ya vita watu wakiwa bado wanahangaika kuopoa mali zao. Waliokuja kushambulia wakakuta jeshi limeshajipanga.

Kuna mistari michache ya Thucydides ambayo mimi niliiruka, nanyi msiiruke: kisiwa cha Thasos kilikuwa kimeiasi Athene, na Sparta ilikuwa imekiahidi kwa siri kwamba itaivamia Attica, nchi inayoizunguka Athene. Tetemeko likaizuia. Thasos ikasalimu amri, na jeshi lililokusudiwa kuipiga Athene likabaki kwao likihangaika na watumwa wake.

Sasa njooni kwenye kiini, pale Sparta ilipopiga magoti kuiomba Athene msaada. Ephialtes, mwanasiasa wa Athene, alitaka Sparta iachwe hapo hapo ilipoangukia. Mpinzani wake Cimon, jemadari, akawasihi Waathene wenzake wasikubali Ugiriki iwe kiwete, wala mji wao upoteze mwenzake wa nira. Picha ya ng'ombe wawili wa kulima hiyo, na ilishinda. Akaondoka na askari 4,000 wenye silaha nzito, maana Waathene walisifika kwa kuzingira ngome. Ithome haikuanguka. Wasparta wakaanza kuwatilia shaka wageni hawa wenye ujasiri wa kupindua mambo, wakahofia wangeshawishiwa na waasi. Kati ya washirika wote waliokuwepo, wakaambiwa Waathene peke yao: nendeni, hatuwahitaji tena.

Hiyo fedheha ndiyo ya kuandikia insha. Athene ilivunja mapatano yaliyokuwepo tangu vita vya Waajemi, ikafunga urafiki na Argos, hasimu wa Sparta. Karibu na 462 KK Ephialtes alilivua Areopagus, baraza la kale la wakuu wa Athene, sehemu kubwa ya madaraka yake, na mwaka 461 KK Cimon akapigiwa kura ya vigae, ile ambayo raia waliandika kwenye kigae jina la mtu wa kufukuzwa, akafukuzwa mjini. Ila msiandike kwamba tetemeko lilileta demokrasia, kama nilivyoandika mimi. Ephialtes alikuwa ameshaanza kuwashtaki wajumbe wa Areopagus. Kilichomwangusha Cimon ni kwamba sera yake ya kuishika mkono Sparta ilirudi nyumbani imetemewa mate.

Tarehe zitawasumbua. Thucydides anasema Ithome ilishikilia hadi mwaka wa kumi, na mpangilio wa habari zake mwenyewe unaleta ubishi. Andikeni "takribani" mkalale.

Mkimaliza, chukueni ramani mtafute Naupactus, karibu na mlango wa ghuba ya Korintho. Waasi waliachiwa watoke Ithome kwa sharti la kutokanyaga tena Peloponnese, rasi ya kusini ilipo Sparta, na Athene ikawapa mji huo. Athene na Sparta zilipopigana baadaye, mwaka 429 KK Phormio, jemadari wa meli wa Athene, aliweka hapo meli zake 20. Mwaka 425 KK Wamessenia wa Naupactus walikuwa Pylos, kwenye pwani ya Messenia, pamoja na Waathene, wakisema lahaja ile ile ya Wasparta, na katika kisiwa cha jirani cha Sphacteria ni kiongozi wao aliyepenya majabalini na kutokea nyuma ya Wasparta.