Mgeni akija San Francisco mpeleke Union Square, ila usianzie madukani

Hii naiandika kwa wenzangu mlioko Oakland, Hayward, San Jose na miji mingine jirani ya San Francisco, nyie ambao kila kiangazi mnapokea mama, shangazi au mama mkwe kutoka nyumbani, na akishapumzika siku mbili tatu anauliza "sasa mjini tunaenda lini?" Mjini kwake maana yake maghorofa, maduka na watu wengi, na kwa huku hiyo ni Union Square, uwanja wa wazi wa katikati ya San Francisco uliozungukwa na maduka, hakuna ubishi. Nimeshapeleka wageni wa kila aina pale na ushauri wangu ni huu: anzieni uwanjani, mmalizie kwenye thieta, maduka yaingie hapo katikati kama muda na miguu vinaruhusu. Ukianzia madukani siku imeisha, mgeni amechoka, ameshika mifuko na hajaona kitu.

Kabla hujatoka nyumbani, sweta. Mgeni atakwambia mwanangu si umesema ni summer, mwambie ndio mama ni summer lakini ukungu wa baharini haujui hilo, Julai na Agosti San Francisco baridi inapiga kweli wakati huku kwetu ng'ambo ya maji watu wanatembea na vesti. Kama mnaweza kusubiri Septemba au Oktoba ndio miezi yenye joto zuri mjini. La sivyo ataishia kununua lile koti la kitalii lenye jina la mji kifuani kwa bei ya kulazimishwa.

Usiende na gari. Najua, parking ipo, tena iko chini ya uwanja wenyewe, imechimbwa tangu 1942 na watu wanaotembea juu wala hawajui kama wamesimama juu ya magari, lakini bei yake kwa siku nzima utaikumbuka, halafu mjini vioo vya magari vinavunjwa kwa ajili ya begi tupu tu. BART, yaani treni ya eneo letu, inakushusha stesheni ya Powell, unapanda mtaa wa Powell kidogo tu umefika. Hata kama mgeni ndio anatoka Airport ya SFO na hana mizigo mingi, treni ni moja kwa moja, nusu saa hivi.

Ukitoka tu stesheni pale Powell na Market utakuta foleni ya kupanda zile tramu za kebo. Foleni ile ndefu mimi sipangi. Simameni pembeni muangalie wafanyakazi wanavyoligeuza behewa kwa mikono kwenye sahani ya mbao, ni bure na wazee wanalipenda sana hilo. Mwelezee kwamba lile gari halina injini, kuna kebo inazunguka chini ya barabara muda wote na dereva anaibana kwa koleo refu ndio linatembea, anaachia na kufunga breki linasimama, na mambo hayo yameanza 1873. Kama lazima apande, tafuteni ile ya mtaa wa California, foleni yake huwa fupi na milima ni ile ile.

Haya mmefika uwanjani. Kaeni. Yaani kaeni kabisa, nunueni kahawa mkae nusu saa. Mama mkwe wangu alipofika pale akaangalia watu walivyotandaza miguu kwenye ngazi akaniuliza "hawa wote hawana kazi?" lakini baada ya dakika kumi na yeye kavua viatu. Pale katikati kuna nguzo ndefu na sanamu ya mwanamke juu, ni ukumbusho wa Admirali Dewey wa jeshi la majini la Marekani na vita ya Manila ya 1898, Rais Theodore Roosevelt alikuja mwenyewe kuuzindua 1903, na tetemeko la 1906 likaharibu sehemu kubwa ya mji lakini nguzo ikabaki imesimama. Eneo lenyewe lilitolewa na meya John Geary mwaka 1850, na mtaa wa kusini ya uwanja unaitwa Geary kwa jina lake. Ng'ambo ya Powell ni hoteli ya St. Francis ya mwaka 1904, ingieni tu lobi hakuna atakayewafukuza, na mpe mgeni kisa ambacho huwa kinawachekesha wote: tangu 1938 hoteli ile ilikuwa inaosha sarafu zake ziwe zinang'aa ili glovu nyeupe za wamama wa kitajiri zisichafuke. Picha mpige kwenye zile sanamu kubwa za mioyo zilizopakwa rangi, hiyo ndio itaenda grupu la familia kabla hamjafika nyumbani.

Maduka sasa. Kusema ukweli mtaa haupo kama zamani, Nordstrom pale Market walifunga 2023, Macy's nao wakatangaza 2024 kwamba lile jengo lao la uwanjani wataliacha, na utakutana na vioo vilivyozibwa hapa na pale. Yale maduka ya mabegi ya bei mbaya bado yapo, ni ya kuangalia kwa macho. Kitu cha kumwambia mgeni mapema ni kwamba bei iliyoandikwa sio atakayolipa, kodi ya mjini ni asilimia 8.625 inaongezwa kaunta, kitu cha dola 40 kinakuwa 43.45, na California hairudishii watalii hiyo hela uwanja wa ndege kama nchi nyingine. Zawadi za kupeleka nyumbani nendeni mtaa wa Grant, mkipita lile geti la Chinatown, mtaa wa Wachina, pale kona ya mtaa wa Bush, dakika chache kwa miguu, mitandio na fulana bei ya binadamu na chakula mtashiba.

Thieta ndio sehemu ambayo watu wengi wetu tunaruka, tunaona ni mambo ya wazungu au ni ghali. Mimi nakwambia mzazi ambaye hajui Kiingereza vizuri mpeleke mchezo wa nyimbo na ngoma, ataelewa kila kitu, ataongea mwaka mzima. Pale Geary kuna mbili zimepakana, Curran ya 1922 na ile ya kampuni ya maigizo ya ACT ambayo zamani iliitwa Geary na siku hizi inaitwa Toni Rembe, hiyo ya pili tetemeko la 1989 liliiharibu ikafungwa mpaka 1996. Dari zake tu zinatosha kukaa mdomo wazi. Tiketi nunua kwa ukumbi wenyewe, sio kwa walanguzi wa mtandaoni wanaotokea juu kabisa ukitafuta Google, na ukiweza kwenda dirishani kabisa mara nyingi unakwepa ada za ajabu ajabu. Siti za juu ni rahisi lakini uliza lifti kwanza, magoti ya shangazi sio ya kuchezea. Chooni mwende kabla hamjakaa, foleni ya wanawake wakati wa mapumziko ni balaa.

Mkitoka msiendelee kushuka magharibi, mitaa michache tu mbele ni Tenderloin, watu wengi wanalala nje na madawa yanatumika hadharani, sio kwamba watawadhuru ila mgeni atashtuka na usiku hakuna cha kufuata kule. Rudini kwa Geary mpaka Powell kwenye taa na watu, mshuke Market. BART za mwisho ni kama saa sita usiku, hivyo shoo ya saa moja na nusu inawaruhusu, ila kwa wazee mimi nachukua ya mchana ya saa nane, jua likiwa bado lipo mmeshapanda treni na wameshaanza kubishana nani kaimba vizuri.