Kijana ameniuliza kama avae bastola nje akiwa kazini reinji

Juzi Jumatatu usiku kijana mmoja amenitumia meseji. Amepata kazi kwa reinji moja, uwanja wa kulenga shabaha, nje kidogo ya Nairobi, kusimamia laini, pale wateja wanasimama wakipiga, na mdosi wake anataka kila mfanyakazi mwenye leseni avae bastola kiunoni nje ya shati, mteja aione. Anauliza, "Kaka, wewe umekaa hizi reinji miaka mingi, nivae ama nisivae?" Hiyo meseji nimekaa nayo siku mbili, naandika jibu nafuta, juu imegusa mahali bado panauma. Nimeamua nijibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaitafuta hii kazi, na wengine mna ndoto ya kufungua reinji zenu.

Ukiwa laini na wateja, usivae. Sababu nitaeleza kwa urefu, hii kitu ilinitoa kwa kazi niliyoipenda kuliko yoyote nimewahi kufanya.

Mimi bastola naijua, hilo nasema bila aibu. Mwaka 2018 wakati sisi wenye leseni tulikuwa tunapigwa msasa upya nilipita, karatasi zangu safi, na kwa mashindano yetu madogo ya Jumapili sikuwa natoka nafasi mbili za kwanza. Ndiyo maana reinji moja, sitaitaja, ikanichukua nifundishe wageni wikendi. Mwanzoni nilikuwa naficha silaha yangu vile mwenye leseni hapa kwetu amezoea, shati juu, mtu asijue. Halafu siku moja mwenye reinji akatuita akasema wateja wanataka kuona ulinzi, kuanzia kesho bastola nje. Nilifurahi sana, nilijiona mtu. Nikanunua holsta, yani mfuko wa bastola wa kiunoni, ya kitambaa, ya elfu moja mia tano, ina mkanda mmoja wa velkro juu, nikaona inatosha.

Jumamosi moja kukaja kundi la watu wa ofisi, kama ishirini hivi, wengi hawajawahi kushika bunduki maisha yao yote. Watano wako laini wanapiga. Mimi niko na mama mmoja wa makamo, bastola imemkwamia, ganda la risasi limebana halijaruka nje, nimeinama upande wake nimemshika mkono ili mdomo wa bastola ubaki unaangalia udongo mbele, yani mikono yangu yote miwili iko kazini na macho pia. Nikahisi kiuno kinavutwa. Jamaa mmoja wa hilo kundi amekuja nyuma yangu ameshika mguu wa kuku wangu kwa mpini, umeshatoka nusu, na risasi iko chemba, tayari kufyatuka. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani ni bastola ya reinji kama zile ziko mezani, alitaka kupiga picha nayo.

Nikamshika kiganja kwa nguvu nikaisukuma irudi chini, na nikapiga kelele. Hiyo kelele ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana wale wanne waliokuwa wanapiga wote waligeuka kuona ni nini, na waligeuka na bastola mkononi, zimejaa, vidole kwa triga. Kwa sekunde kama mbili niliona midomo minne ya bastola ikipita juu ya tumbo la yule mama, juu ya tumbo langu, na juu ya watu waliokaa benchi nyuma wakingoja zamu. Hakuna aliyepigwa. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Jioni hiyo nikafutwa kwa WhatsApp, mistari mitatu, ati nimehatarisha wateja. Na ni mwenye reinji huyo huyo alisema tuvae nje. Nilipomkumbusha akasema hajawahi kusema kitu kama hicho, na wenzangu tuliokuwa nao kwa ule mkutano wakanyamaza, mmoja tu ndiye alinipigia kuniambia pole. Ni miaka mitatu sasa na nikipita ile barabara roho bado inapanda.

Baada ya hapo nilikuwa na muda mwingi wa kufikiria. Kitu ambacho mwenye reinji hakuona, na mimi pia sikuona, ni hiki. Mahali pengine popote mtu akiona bastola kiunoni anarudi nyuma. Reinji ni mahali mtu amelipa pesa ili ashike bastola. Kwake ile yako ni moja tu kati ya nyingi.

Halafu kuna umbali. Mwaka 1983 sajenti Dennis Tueller wa polisi wa Salt Lake City kule Marekani alionyesha kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukufikia kutoka futi 21, kama mita sita na nusu, kwa sekunde moja na nusu, muda ule ule polisi aliyefundishwa anatumia kuchomoa na kupiga. Sasa wewe mwalimu wa laini mteja wako yuko umbali wa mkono, na yeye ndiye tayari ameshika iliyojaa. Hiyo yako itakusaidia saa ngapi?

Ukidhani nazidisha, angalia Chris Kyle, yule mdunguzi maarufu wa jeshi la Marekani. Tarehe 2 Februari 2013 alipigwa risasi akafa reinji huko Texas, yeye na rafiki yake, na aliyewaua ni mtu walimpeleka wenyewe kulenga shabaha wakitaka kumsaidia. Wote wawili walikuwa na bastola kiunoni. Zilikutwa kwa holsta, sefti, kile kizuizi cha kufyatua, bado imefungwa. Kama mtu wa kiwango hicho hakupata nafasi ya kuigusa, wewe na mimi ni nani?

Na yule mkufunzi wa Arizona, Agosti 2014, alikuwa amesimama kando ya msichana wa miaka tisa aliyepewa Uzi, aina ya bunduki fupi ya rashasha, ikawekwa ifyatue mfululizo, bunduki ikamruka mtoto mikononi na mkufunzi akafa. Hapo kilichohitajika ni mtu aseme hapana, huyu mtoto hii bunduki hatapewa.

Najua kuna mtu ataniuliza na Westgate je, lile jumba la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi? Nakubali kabisa. Tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na kati ya walioingia mapema kutoa watu mle ndani kulikuwa na raia wenye leseni na bastola zao. Nawaheshimu mpaka mwisho. Lakini hao walikuwa watu wa kawaida wametoka kwa shughuli zao, hakuna aliyekuwa anafundisha mgeni kulenga huku amegeuzia watu ishirini mgongo.

Kwa hivyo wadosi wa reinji, na nyinyi vijana mtakaokuwa wadosi, nisikilizeni. Silaha ya ulinzi iwepo, sipingi, pesa ziko hapo na risasi ziko hapo na mtu mbaya anajua. Iwe kwa mtu mmoja amesimama nyuma, mgongo kwa ukuta, hafundishi, hajazi magazini, hapigi watu picha, kazi yake ni kuangalia tu. Huyo hata akivaa nje ni sawa. Wa laini awe mikono mitupu, ya kwake ifungiwe kwa sefu ya ofisi. Na holsta jamani, holsta iwe ngumu, yenye kufuli ambayo lazima kidole chako mwenyewe kiifungue, ya kitambaa tupa. Nimesema holsta na nitarudia, holsta.

Wateja wafundishwe kitu kimoja kabla hata hawajashika chochote: ukisikia kelele usigeuke, weka chini bastola ikiangalia mbele, ndiyo ugeuke wewe. Siku hizi mimi nikimpeleka mtu kulenga namfanyisha hilo zoezi mara kumi na bastola tupu, napiga makofi nyuma yake ghafla, na karibu kila mtu mara ya kwanza anageuka nayo. Hata watu wazima, hata waliowahi kuvaa sare.

Na wewe kijana uliyeniandikia, mdosi akisisitiza uvae, muombe aandike, hata kwa WhatsApp, tarehe na jina lake, uiweke. Mimi sikuomba, nilikuwa nimefurahi mno. Akikataa kuandika, bastola iache kwa sefu uende laini hivyo hivyo, na akikufuta kwa ajili ya hilo nirudie inboksi, kuna mahali pawili najua wanatafuta watu.