Kulinda ajira za viwanda vya magari bila kuyatelekeza mazingira

Umeuliza iwapo nchi inaweza kunufaika na viwanda vya magari bila kuharibu mazingira. Inaweza, ila nakushauri uanze kwa kutazama mahali uchafuzi unapotokea: kwa gari la petroli, sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hutoka barabarani katika miaka yote ya matumizi, wala si kiwandani, hivyo kukibana kiwanda peke yake hakutoshi. Gari la umeme hugeuza hesabu hiyo, kwa kuwa kuunda betri hutumia nishati nyingi, na nafuu yake hutegemea chanzo cha umeme unaoichaji.

Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, hutajwa mno kama mfano. Lakini umeme wake hutokana hasa na maji, tena haina viwanda vikubwa vya magari vya kulinda. Ujerumani, yenye viwanda vikubwa vya magari, ina mzigo mzito zaidi, kwani mota ya umeme ina vipuri vichache kuliko injini ya petroli, hivyo huhitaji mafundi wachache kuiunda. Kwa hiyo ningetanguliza mafunzo mapya kwa mafundi wa injini, kabla kiwanda hakijabadilishwa, pamoja na urejelezaji wa chuma na betri, kazi ambayo nayo huajiri watu.