Anakonda na kutapika kijani kila akila: ulizeni kuhusu sindromu ya SMA (mshipa wa damu kuubana utumbo) kabla ya kuendelea na dawa za vidonda

Pole sana dada kwa kuuguza. Nimekusoma vizuri, mdogo wako wa kike alikonda sana baada ya kulazwa, sasa akila kidogo tu tumbo linajaa, anaumwa juu ya kitovu halafu anatapika vitu vya kijani, mkapiga kamera ikasema michubuko kidogo kwenye tumbo la chakula na mpaka leo anameza omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo, bila nafuu. Mimi sio daktari, nimeuguza tu mdogo wangu wa kiume mwenye hali hiyohiyo kwahiyo naongea nilichokiona na nilichoelezwa na daktari bingwa wa upasuaji.

Wa kwetu alivunjika paja kwenye ajali ya bodaboda, akatundikiwa mawe mguuni, amelala chali wiki na wiki, hamu ya kula hana, akaisha mwili kabisa. Mguu ukaunga vizuri ila tumbo ndo likaanza. Tukapita hospitali kadhaa, kila sehemu vidonda vya tumbo, kila sehemu dawa mpya. Majirani wao wakawa na majibu yao mengine mnayajua.

Mwisho tukakutana na daktari akauliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: alianza kukonda kabla ya kutapika au alitapika ndo akakonda? Tukamwambia alikonda kwanza. Akaagiza siti skani ya tumbo yenye dawa ya kuonyesha mishipa, na jibu likaja sindromu ya SMA, wengine wanaiita ya Wilkie, maana mwaka 1927 daktari wa upasuaji wa Edinburgh anaitwa David Wilkie aliandika kuhusu wagonjwa 75 wa hali hii.

Iko hivi. Aota, ule mshipa mkubwa wa damu, unashuka mbele ya uti wa mgongo, na kwa mbele unatoa tawi linalopeleka damu kwenye utumbo, hilo tawi ndo SMA. Kati ya aota na hilo tawi anapita duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Kinachowaachanisha ni mafuta. Mtu akikonda haraka yale mafuta yanaisha, tawi linashuka na kuibana duodeni kama mkasi. Kawaida pembe yake inakuwa kama nyuzi 38 mpaka 65 na nafasi milimita 10 mpaka 28, kwa wagonjwa unakuta pembe chini ya nyuzi 25 na nafasi milimita 8 au pungufu. Sasa chakula hakipiti, anatapika, anakonda zaidi, anabanwa zaidi. Huo mzunguko ndo unaotisha.

Na kamera kutokuona kitu kikubwa isikupe amani, kwa sababu ile ya kawaida mara nyingi inaishia kipande cha pili cha duodeni na kubanwa kuko kipande cha tatu. Kwahiyo muulizeni daktari wazi kabisa kuhusu siti skani au ile picha ya eksirei ya kunyweshwa bariamu, dawa nyeupe inayoonyesha njia ya chakula. Na tafadhali sana msimwambie binti anajitapisha au anadeka, hao wagonjwa wanaumizwa sana na hayo maneno.

Umeuliza kama lazima apasuliwe, hapana, wa kwetu hakupasuliwa. Walianza na mrija wa puani kutoa maji yaliyojaa tumboni, drip, wakarekebisha potasiamu, moja ya chumvi za kwenye damu, halafu wakampitishia mrija mwingine mwembamba uliovuka pale panapobanwa na chakula cha maji kikawa kinaingia hukohuko. Walianza kidogokidogo huku wanapima damu, na hapa naomba unielewe, mtu aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshindilia chakula ghafla fosfeti (nayo ni chumvi ya kwenye damu) na potasiamu zinashuka na moyo unaweza kuleta shida, kwahiyo msimnenepeshe kwa pupa nyumbani. Uzito ulivyorudi na kubanwa kukaachia. Ikishindikana ndo wanapasua, wanaunganisha duodeni na utumbo wa mbele yake chakula kipite njia nyingine.

Kwa sasa wakati mnasubiri kuonana na bingwa, mpe vyakula vya majimaji kidogokidogo mara nyingi, akimaliza asilale chali, alalie ubavu wa kushoto au apige magoti akiinamisha kifua kwenye godoro, wa kwetu alikuwa anapata unafuu kabisa hapo. Ila tumbo likivimba na maumivu yakakaza, au akashindwa kushusha hata maji, mkojo ukapungua, akawa analegea au moyo unaenda mbio, hiyo ni emajensi, mpelekeni usiku huohuo na mwambieni daktari wa zamu kwamba alikonda kwanza ndo akaanza kutapika.